Mtini Uliofunuliwa kabla ya Siku za Ajuza

Kila jioni, taarifa ya habari ikimalizika na msichana wa hali ya hewa akisimama mbele ya ramani, Mzee Mamarasul huinua kiganja. Maana yake nyumba nzima inyamaze, vijiko visigonge vikombe, na mwenye kukohoa akakohoe nje. Lakini hakiinui mara moja. Msichana huanzia magharibi, huko Horezm ambako baridi hupasua ndoo, akapita Bukhara, akapita Samarkand, na wakati wote huo mzee huwaacha watu waongee wapendavyo. Kiganja hupanda akifika kusini. "Mkoa wa Surhandarya, mchana nyuzi kumi na mbili, theluji haitarajiwi." Mzee hutabasamu, kiganja kikashuka. Habari za Namangan, mkoa wake mwenyewe, ambamo yeye amekaa na blanketi magotini, hana haja nazo.

Hosiyat, mke wa mwanawe mkubwa, aliyaona hayo majira yote ya baridi akiwa upande wa birika, na roho ilimuuma. Aliichukia Surhandarya pamoja na jua lake. Alimchukia hata yule msichana wa ramani, ambaye hakuwa amemkosea lolote. Siri yenyewe haikuwa siri: huko kusini, katika mji wa Denov, aliishi Gulsanam, mke wa Tolib, mwana mdogo wa mzee.

Ili umwelewe Hosiyat, uelewe kwanza desturi yetu. Kwetu wazee hukaa kwa mwana wa mwisho. Wakubwa huoa, wakajenga kwao, na kitinda mimba akabaki na nyumba, bustani na baba. Tolib alipopata kazi ya reli akahamia kusini na mkewe, mambo yalipinduka: Ergash, mwana mkubwa, akarudi nyumba ya baba, na mzee akaangukia mikononi mwake, yaani mikononi mwa Hosiyat. Ndiye aliyempikia, akamfulia, akamsugua magoti kwa mafuta ya kondoo. Mzee alimwita bibi harusi, kama wakwe wote wa huku wanavyowaita wake za wana wao, ingawa bibi harusi huyu sasa ana binti wa kuozwa na meno mawili ya dhahabu. Kwa kazi, mzee alikuwa wake. Kwa desturi, alikuwa wa Gulsanam. Siku yoyote Tolib angesema, "Sasa baba namchukua," na hakuna mtu mtaani ambaye angefungua mdomo kupinga. Hilo ndilo donge lililomkaa Hosiyat kooni mwaka hadi mwaka.

Halafu kulikuwa na mtini. Ulipandwa na marehemu Bi Sabohat, mke wa mzee, katikati ya bustani, mahali ambapo mtu aliyekaa uani, kwenye jukwaa la mbao la kunywea chai, anauona vizuri. Mtini kwetu si mti wa kupanda ukasahau. Majani yakipukutika, kabla ardhi haijawa chuma, unayainamisha matawi moja moja hadi chini, unayafunga, unayafunika kwa majani makavu na mikeka ya matete, kisha unamwaga udongo juu mpaka bustani inakuwa na kilima. Mti unalala humo, na unaachiwa tundu dogo la kupumulia. Usipofanya hivyo, ile baridi kali ya siku arobaini za katikati ya majira inauua wote. Mzee alikuwa akisimamia kazi hiyo kwa fimbo, Ergash akichimba, na Hosiyat ndiye aliyeyashika matawi yasivunjike. Mikono yake ilikuwa imeuzoea mti ule kuliko mikono ya mtu yeyote aliye hai.

Sasa sikia uchungu wenyewe. Gulsanam alipohamia Denov alikwenda na kijiti kimoja cha mtini huohuo. Huko hakuna kuzika mti wala kuzikua. Kijiti kilisimama wima nje, mchana na usiku, Januari na Februari, kikanenepa, kikapita paa la nyumba. Na mwenyewe hakukaa nao kimya.

"Baba, tazama!" angesema kwenye simu, uso wake wa mduara ukijaa kioo kizima. "Mlozi umechanua! Na huu hapa mtini wa mama, unaona macho ya majani yake yanavyovimba?"

Mzee angeisogeza simu hadi puani. "Mashallah. Bibi harusi, njoo uone! Mtini wa Sabohat, angalia ulivyo mrefu!"

Hosiyat alikuja akaona. Huko nyuma ya Gulsanam palikuwa na maua meupe na mtu aliyevaa shati. Nje ya dirisha lake mwenyewe theluji ilikuwa imefika kidato cha pili cha ngazi. "Mzuri," alisema. "Unafanana na mnara wa simu."

Jirani yake Tursunoy, ambaye ulimi wake haujui likizo, alimcheka juu ya ukuta. "We Hosiyat, unasikiliza hali ya hewa ya Denov utadhani ni habari za mke mwenza!"

"Mke mwenza ana nafuu. Yeye huwa anazeeka. Jua la huko halizeeki."

Mwishoni mwa Februari jambo likatokea. Hosiyat alikuwa akipita na kuni, mlango wa mzee umeachwa wazi kidogo, akasikia sauti ya mzee kwenye simu: "Magoti? Magoti hayasemeki, mwanangu. Joto la huko lingeyafaa kweli... Ngoja kwanza Nairuzi ipite. Wewe njoo, tule Nairuzi pamoja." Kisha akacheka kile kicheko chake cha puani.

Hosiyat alisimama na kuni zake mpaka mikono ikafa ganzi. Kwa hiyo mambo yamekwishapangwa. Gulsanam atakuja, atakula Nairuzi yake, sikukuu ya mwaka mpya wa Machi, ataifunga mizigo ya mzee, na ataondoka naye. Na watu wa mtaa watasema, haya, kitinda mimba kamchukua babake, desturi imerudi mahali pake. Hakuna atakayeuliza nani alimsugua magoti.

Hakumwambia mumewe. Ergash ni mtu mwema, lakini ukimpa jambo la moyoni analigeuza kama spana, halafu anauliza linatumika wapi.

Machi ikaingia na joto. Theluji iliyeyuka kwa siku chache, matope yakakauka, nzi wa kwanza akagonga kioo. Hosiyat akaanza kuwaza. Gulsanam akifika atakuta nini? Kilima cha udongo. Atakaa kando ya kilima hicho na simu yake iliyojaa maua, na mzee atatazama huku atatazama kule, atachagua. Lakini je, akikuta mtini umesimama, umetoa majani? Mzee ataona kwamba hata hapa mambo huwa mabichi, na kwamba hahitaji kuvuka milima kuyafuata.

Akalijaribu neno mezani, kana kwamba halina uzito. "Baba, mwaka huu si tungeufunua mtini mapema? Ardhi imepata moto."

"Ajuza hajapita," alisema mzee, na kuchovya mkate.

Siku za ajuza ni lile juma la kabla ya Nairuzi ambapo baridi hurudi, kama bibi kizee aliyefika barabarani akakumbuka ameacha kitu ndani. Kila mtu mwenye bustani anazijua.

"Gulsanam anasema kwao ameshapita."

"Wa kwao ni mpole. Analeta mvua kidogo, anaondoka. Wa kwetu anakuja na barafu. Wa Horezm ndiyo usiseme, wale hawafunui kitu mpaka Aprili." Mzee akafuta ndevu. "Kila mtu na baridi yake, bibi harusi. Kunywa chai."

Angekunywa chai yake mambo yangekwisha. Lakini juma hilohilo mzee na Ergash walialikwa sherehe ya tohara ya jamaa huko Chust, wakaondoka asubuhi, walale huko. Na wakati vumbi la gari lao halijatua, simu ikalia.

"Dada, salama? Baba yupo?" Alikuwa Gulsanam. Kavaa mikono mifupi, mjinga yule. "Nilitaka kumwonyesha tu. Mtini umetoa jani! Jani zima, ona, kama kiganja cha mtoto!"

"Amesafiri."

"Basi utamwonyesha wewe, dada. Nimekutumia picha. Atafurahi sana, maskini, na hayo magoti yake."

Hosiyat aliifuta ile picha, akachukua jembe.

Tursunoy alimwona kutoka ukutani. "Unafanya nini wewe? Ajuza bado!"

"Ajuza ni wewe."

"Haya, nimenyamaza. Lakini angalau toa udongo nusu, nusu nyingine uiache mpaka—"

"Tursunoy, mtini huu nimeuzika na kuuzikua kabla hujajua kutofautisha karoti na figili. Nenda kapike."

Aliutoa udongo wote. Aliitoa mikeka, akakwangua majani yaliyooza, akakata kamba, na matawi yakanyanyuka polepole, yakiwa meupe kwa kukosa jua. Mwisho wa kila tawi palikuwa na jicho la kijani, laini, limefunga kama ngumi. Hosiyat akaligusa moja, na kwa mara ya kwanza tangu theluji ianguke akajisikia ana furaha. Njoo sasa, alisema moyoni. Njoo na simu yako.

Mzee alirudi kesho yake, akaingia uani, akasimama. Aliutazama mtini.

"Umeufunua."

"Kumepata joto, baba."

Hakugomba. Alienda akalipapasa jicho moja la kijani kwa kidole. "Basi jioni uufunike kwa majamvi na mablanketi ya zamani. Kila jioni mpaka Nairuzi. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akaufunika siku ya kwanza, na ya pili. Siku ya tatu jua liliwaka hadi wanaume wakavua majoho yao mazito ya pamba. Jioni televisheni ikafunguliwa, mzee akainua kiganja, msichana akasema: "Surhandarya, nyuzi ishirini na mbili, hewa safi." Mzee akageuka, uso umemng'aa, akasema, "Ishirini na mbili! Gulsanam atakuwa anakaa nje kwenye jukwaa saa hizi."

Hosiyat aliinuka kabla msichana hajafika Namangan. Alikwenda jikoni kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi, na akaziosha kwa hasira mpaka maji yakapoa. Mzee, ambaye alikuwa amekwisha kusikia alichokitaka, alisinzia palepale. Ergash alihamisha televisheni kwenye mieleka. Kwa hiyo hakuna mtu nyumbani mle aliyesikia kwamba baridi inashuka kutoka kaskazini, na mablanketi yalibaki yamekunjwa barazani, kwa sababu aliyepaswa kuyatandaza alikuwa amejaa kijicho asikumbuke chochote.

Asubuhi ndoo ya kisimani ilikuwa na kioo cha barafu juu. Hosiyat alitoka na viatu vya ndani, akakimbia. Yale macho ya kijani yalikuwa yamegeuka kuwa meusi, na alipoligusa moja likaachia maji vidoleni. Akachukua blanketi akalitupa juu ya matawi, akachukua jingine, akalitupa. Alikuwa akiufunika mti uliokwisha kufa, na alijua, na hakuacha.

Mzee alitoka na fimbo. Alilivuta blanketi kando, akakwaruza gome kwa ukucha wa dole gumba. Chini yake palikuwa pa kahawia. Akakwaruza tawi jingine, na jingine, akishuka hadi karibu na ardhi.

"Mizizi haijafa," alisema. "Utachipua kutoka chini."

"Lini, baba?"

"Mwezi wa tano utaona vichipukizi. Tini zenyewe, miaka mitatu. Labda minne." Akageuka, akaingia ndani.

Hosiyat alingoja kugombezwa. Alingoja mchana, alingoja jioni, na matusi hayakuja. Alimsikia akimwambia Tolib kwenye simu, "Baridi imeuunguza mtini wa mama yenu." Baridi, basi. Hakusema ya nani.

Gulsanam alifika siku mbili kabla ya Nairuzi, akiwa na kikapu cha malimau na koti jepesi lisilofaa kitu. Alikuwa amenenepa, na hilo lilimfariji Hosiyat kidogo. Alimbusu mzee mkono, akamkumbatia Hosiyat, kisha akauona mtini, akaweka kikapu chini na kulia waziwazi kama mtoto. Hosiyat hakujua afanye nini. Mgeni analia bustanini mwake, juu ya mti wake.

Wakakaa jikoni wawili, wakimenya karoti za pilau. Gulsanam alimenya kwa kasi, tena nyembamba, na Hosiyat akaliona hilo pia.

"Mizigo ya baba nitaifunga kesho," Hosiyat alisema, hakuinua macho. "Usione haya. Najua umekuja kumchukua."

"Kumchukua?" Kisu cha Gulsanam kikasimama. "Dada, nani kakwambia?"

"Nilisikia kwa masikio yangu. Ngoja Nairuzi ipite, alisema. Magoti yake yanataka joto, alisema."

"Na yaliyofuata hukuyasikia?" Gulsanam akacheka, ila macho yake yalikuwa bado mekundu. "Tumembembeleza kila mwaka, mimi na Tolib, mpaka tumechoka. Kila mwaka anakataa. Safari hii Tolib alimwambia hata tiketi tumeshakata. Unajua alijibu nini? 'Nina mtini wa kufunua. Njooni mtazame nikiufunua, halafu mrudi kwenu na tiketi zenu.' Ndiyo maana nimekuja peke yangu, dada. Tolib alisema haina haja ya watu wawili kwenda kuambiwa hapana."

Hosiyat aliendelea kumenya karoti ileile mpaka ikabaki nyembamba kama njiti. Alikuwa ameshinda. Alikuwa ameshinda tangu zamani, kila mwaka, bila kujua.

Pilau ilipokwisha kuliwa, mzee alikohoa. "Gulsanam. Ile tiketi, mmeirudisha?"

"Bado, baba. Kwa nini?"

"Nitakwenda nawe."

Ergash aliacha kutafuna. Hosiyat akaweka kibakuli chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kimejaa maji ya moto, kumbe kilikuwa kitupu.

"Baba," alisema. "Kosa ni langu. Niliufunua kwa wivu. Nilitaka wewe usiondoke."

"Najua, bibi harusi. Nilikuwa nakuona unavyoiangalia ile televisheni. Ungeweza kuivunja." Mzee hakuwa na hasira, na hapo ndipo palipouma. "Siondoki kwa kukukasirikia. Haya magoti yananiomba niondoke tangu zamani. Mtini ndio uliokuwa unayakatalia. Sasa hakuna kitu cha kufunua, na miaka mitatu ya kukaa kwenye barafu nikingoja, mimi sina. Kule upo mwingine wa Sabohat, umesimama. Nikakae chini yake."

"Na mimi je? Mimi sikutosha kuwa sababu ya kukaa?"

Watu wa huku hawaulizi maswali kama hayo mbele ya chakula. Ergash alitazama dari. Mzee akamgeukia mkwewe.

"Wewe ungekuja kunitembelea," alisema. "Mti haupandi gari moshi."

Baada ya Nairuzi, Hosiyat alifunga mizigo. Alimweleza Gulsanam kila kitu, mbele ya gari lililokuja kuwachukua hadi stesheni: chai isiwe nzito, mafuta ya kondoo yapashwe kabla ya kupaka, mto wa kushoto uwe mgumu, asiachwe kusinzia mbele ya televisheni, shingo itamuuma. Gulsanam alisema ndiyo dada, ndiyo dada. Jambo moja Hosiyat alilibakiza. Alilijua yeye tu katika dunia nzima, alikuwa amechukua miaka kuligundua, na aliona ana haki ya kubaki nalo. Mzee akaingia nyuma, akamwekea mkono kichwani kupitia dirishani, akamwombea dua. Gari likawaka.

Hosiyat alivumilia mpaka gari likafika kwenye kona ya ukuta wa Tursunoy. Kisha akalikimbilia, skafu imemdondoka mabegani, akagonga kioo cha upande wa Gulsanam kwa kiganja hadi dereva akasimama.

"Akisema ameshiba usimwamini!" alisema, pumzi zikimkatika. "Anaona haya kuomba. Mwekee bakuli la pili bila kumuuliza, halafu utoke uende zako. Atalimaliza."

Gulsanam alikishika kile kiganja kilichokuwa juu ya kioo, akakibana.

"Najua, dada," alisema kwa upole. "Tolib naye yuko hivyohivyo."